Shaabani Niliyoichora Mchangani

Sogea karibu, msikilizaji wangu, maana jambo hili nilikwepa kulisimulia miaka mingi, na kila nikilikumbuka masikio yanawaka moto kwa aibu. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu pale Kiswere, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa majira ya mwaka. Kumbuka hilo, utalihitaji baadaye.

Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Rafiki yangu Hamisi alikuwa ameposa, na harusi ilipangwa Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, baada ya sala ya mchana, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Vijana siku hizo tulitaka mambo ya kisasa, tukasema haiwezekani mtu auache ukapera hivi hivi, lazima kwanza mimi na yeye twende Lindi mjini tukale hotelini, tukaone sinema, tukapigwe picha tumevaa tai (tai yenyewe ilikuwa moja, tungepokezana). Swali likawa twende lini. Hamisi alitaka twende mapema, wakati wa korosho, tuwe tumerudi na kupumzika. Nikamkatalia. Nikamwambia safari ya kuaga ukapera inafanywa wiki ile ile ya harusi ili utamu uungane, na tena Shaabani ni kiangazi, barabara kavu.

Nilijuaje? Nilipokuwa mtoto, kaka yangu alikwenda Lindi mwezi wa Shaabani akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, na mimi ndiye niliyemkung'utia kofia. Basi kwangu Shaabani ikawa mwezi wa vumbi, imekwisha hiyo.

Mama yake Hamisi, Bi. Zuhura, mjane mwenye mtoto huyo mmoja tu, alinisikiliza kisha akauliza taratibu, "Mwalimu, Shaabani ya mwaka huu si ndiyo watu wanapanda mpunga?"

Nikaokota kijiti. Nikamchorea duara mchangani, nikaligawa miezi kumi na miwili, nikaweka jua hapa na mvua pale, na Shaabani nikaiweka kwenye jua. Nikamweleza kwa upole, kama ninavyowaeleza watoto, mara mbili.

"Haya mwanangu," akasema, "wewe ndiye uliyesoma. Mimi ninachojua ni kwamba huyu ndiye mtoto wangu."

Mwaka ule mvua zilichelewa, kwa hiyo Jumatatu tulipopanda lori ardhi ilikuwa bado kavu, nikatembea kifua mbele. Jumanne tukala pilau, tukapigwa picha. Tukiwa ndani ya sinema bati likaanza kupigwa na mvua, mvua haswa, hata maneno ya filamu hayasikiki, na haikukatika mpaka Alhamisi tulipofika mto Mbwemkuru tukaona daraja la magogo halipo. Halikuvunjika, lilikuwa chini ya maji. Dereva akazima injini, akasema, "Mimi hapa siingii, nina watoto."

Asubuhi ya Ijumaa maji yalikuwa yamepanda zaidi. Hamisi alikuwa na sababu ya kuharakisha. Baba wa mchumba wake alishasema wazi kwamba Ramadhani ikiingia bila ndoa, binti anapelekwa Mtwara kwa shangazi, na huko kulikuwa na binamu aliyeshaleta posa. Hamisi akanitazama akasema, "Mwalimu, duara ulichora wewe. Nivushe."

Palikuwa na mzee mmoja wa Kimatumbi mwenye mtumbwi, mtani wangu kabisa. Aliponitambua akacheka. "Mwalimu wa majira! Leo mvua imekutoroka darasani? Ingieni, lakini anayetikisika namtupa. Mamba nao wana harusi yao."

Nitakuambia kweli, sijawahi kuogopa vile. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa, yanapita na miti mizima, na mtumbwi unakwenda ubavu. Sikuwaza roho yangu. Niliwaza nitamwambia nini Bi. Zuhura, nikawa nampangia maneno, na kila neno halifai. Gogo likatugonga. Nikapiga shahada kwa sauti ya kusikika Lindi, na (hapa ndipo aibu ilipo) nikasimama. Aliyekatazwa kutikisika alisimama wima!

Tulipinduka. Namshukuru Mungu ilikuwa hatua chache tu kutoka ng'ambo, na mzee yule alimshika Hamisi ukosi, mimi nikashika tawi. Bunda lenye kanzu na joho la harusi tulivyonunua Lindi likaenda na maji. Na kikoi changu nacho kikaenda. Wanawake waliokuwa wakipanda mpunga wakageuka upande mwingine kwa heshima, wakicheka hadi kukaa matopeni, mmoja akanirushia kanga yake ya juu.

Tukakimbia. Tulipofika uwanja wa msikiti watu walishasali, sheikh amesimama, baba wa binti anavaa viatu. Akatutazama, mmoja kapakwa tope, mwingine kajifunga kanga ya maua, akauliza, "Bwana harusi ni yupi kati ya viumbe hawa?"

Mtu mmoja akavua kanzu yake akampa Hamisi, ndoa ikafungwa maji yakimchuruzika. Mimi niliambiwa nikae nyuma ya nguzo.

Bi. Zuhura hakunigombeza. Alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, muda mrefu, kisha akaja kwangu na kijiti. "Mwalimu, hebu nichoree tena lile duara."

Mbele ya Kiswere nzima, ndani ya kanga, nilichuchumaa nikafuta Shaabani kwenye jua, nikaiweka kwenye mvua. Kumbe miezi yetu ya mwandamo inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na tangu safari ya kaka ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu, Shaabani ikawa imehama karibu miezi mitano, kutoka kiangazi hadi mvua. Nilikuwa nalifundisha jambo hilo darasani!

Usione haya kama nawe hukulijua. Ukitaka kupanga safari, weka kalenda ya mwandamo kando ya ile ya ukutani, tazama siku yako inaangukia wapi, halafu kamuulize anayepanda mpunga.