Mstari wa Dancille

Mimi ni mutu wa hasira, nasema wazi. Katika kambi moja kando ya Goma niliongoza kikundi cha kuandika majina ya watu waliokimbia vita, na Dancille ndiye aliyeandika mbio kuliko wote. Hakulia, hakuomba kupumzika. Nilimusifu kwa hilo, na huo ndio ulikuwa ujinga wangu.

Wiki ile watu wa Rutshuru walipofika kwa wingi, alianza kuwafokea wamama waliosahau umri wa watoto wao. Nilichukua daftari lake, niko tayari kumugombeza. Katikati ya ukurasa, kati ya familia mbili, nilikuta: Uwamariya Dancille, wa Kalengera, Rutshuru, yuko peke yake.

"Dancille, umejiandika?"

Aliangalia mstari ule kama maandishi ya mutu mwingine. Hakukumbuka.

Nilimukalisha kwenye benchi ya wanaofika, nikashika kalamu, nikamuuliza swali aliloliuliza yeye kutwa nzima, ambalo mimi sikuwahi kumuuliza kwa miaka miwili ya kufanya naye kazi:

"Mama, ulikuja na nani, na nani alibaki?"

Alianza na jina la mama yake, polepole, akinipa muda wa kuandika.