Mikate ya Jibini ya Mama Lusia

Kila ninapochemsha maziwa, mwanangu, huwa naikumbuka siku moja. Nilikuwa msichana mgeni hapa Birmingham, nafanya kazi ya kutunza wazee, nimepanga chumba mtaa wa Winson Green kwa Mama Lusia, mjane kutoka Brazili. Alikuwa amevunjika mkono, na binti yake alikuwa anakuja kumwona baada ya miaka sita. Akaniomba nimpikie, yeye akinielekeza, mikate ya jibini, ile midogo ya mviringo aliyofundishwa na mama yake.

Kazi yenyewe si ngumu. Unachemsha maziwa na mafuta, unayamwaga juu ya wanga wa muhogo, ule mweupe laini unaovutika, ukipoa unaukanda kwa mayai na jibini iliyokunwa, unaviringa, unaoka. Lakini dukani wanga ulikuwa umekwisha. Nikanunua unga wa muhogo, ule wa ugali. Mimi nimekulia Busia, kwenye mashamba ya muhogo. Nani angenifundisha muhogo? Sikumwambia Mama Lusia.

Mikate ikatoka migumu kama kokoto. Binti aliuma mmoja, akaurudisha kwenye sahani taratibu. Mama Lusia akaitazama, akasema, "Nimesahau mapishi ya mama."

Nami nikakusanya sahani, nikaosha vyombo.

Siku ya tatu nikamkuta anakunja nguo zake kitandani.

"Binti yangu anataka nihamie makao ya wazee," akasema. "Labda ni kweli. Kichwa kinaniacha."

Hapo nikaketi, nikamweleza habari ya unga. Akaiweka chini nguo aliyoshika.

"Ungeniambia siku ile tungecheka," akasema. "Siku tatu nimejiogopa mwenyewe. Sasa nenda ukamwambie binti yangu, kwa mdomo wako."

Nikaenda. Binti hakunigombeza, ila siku ya kuondoka hakunipa mkono. Mama Lusia alibaki nyumbani kwake, na mkono ulipopona akanifundisha upya hadi nikaweza. Lakini tangu hapo, kila pakiti niliyoleta aliisoma mwenyewe kabla sijaifungua.

Basi, mwanangu, ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Ukinyamaza, mwingine atalibeba, na mara nyingi ni yule asiye na nguvu za kujitetea.

Mungu akujalie wepesi wa kusema "ni mimi," na akupe watu watakaokaa mezani nawe hata baada ya kulisikia neno hilo.