Siku Walipokuja Kukagua Umaskini Wetu

Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, na wengi wao niliwapata mwaka mmoja tu, kati ya kwetu Giakanja na korti ya Nyeri. Wa kwanza alikuwa baba mdogo, ndugu yake marehemu baba yangu. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti laini na suti ya rangi ya majivu, na Biblia aliikumbatia kila aendako kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya. Yeye ndiye aliyempeleka mama kortini ili atolewe kwenye shamba. Ni shamba alilolilima tangu alipoolewa, akapanda kahawa humo kwa mikono yake, na baba amezikwa humo, karibu na migomba.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mashamba yalipokuwa yakipimwa na kuandikishwa wakati wa mkoloni, baba alikuwa kizuizini, na mtu aliye kizuizini hawezi kusimama mbele ya wapimaji. Basi baba mdogo akaandikisha vipande vyote viwili, chake na cha baba, kwa jina lake, akasema anamshikia ndugu yake. Baba alirudi, akaonyeshwa upande wake mbele ya wazee, akajenga, akazaa mabinti, akafa. Hakuna aliyewaza kubadilisha hati. Ndugu na ndugu, hati ya nini? Kisha akatokea mnunuzi, mtu wa malori kutoka Karatina, na baba mdogo akagundua ghafla kwamba shemeji yake ni mvamizi. Ndivyo karatasi ya korti ilivyosema: mvamizi! Na kwa kuwa mama hakujaliwa mtoto wa kiume, kuna watu pale kwetu waliosikia habari hiyo wakatikisa kichwa kama watu wanaoona jambo la kawaida.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na mtoto mgongoni, bila mume wa kumwonyesha mtu, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Niliyatoa hivyo hivyo.

Tulianza na wakili. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la nguo mjini Nyeri, na ngazi zake zilikuwa zimepakwa nta hadi mama akapanda akishika ukuta. Yule bwana alitusikiliza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Chai yake. Sisi hatukupewa hata maji. Akasema kesi ni nzuri sana, akataja pesa za kuanzia. Mama akacheka, akidhani ni mzaha wa watu wa mjini.

"Si uuze ng'ombe," wakili akasema.

"Ng'ombe ni mmoja, bwana. Maziwa yake ndiyo yanalea huyu mtoto."

"Basi uza kipande cha shamba."

Yaani mama auze shamba ili apate kulipigania shamba! Na mtu huyu alikuwa amesomeshwa kwa harambee, na mayai na ndizi za akina mama kama mama yangu. Nilimwambia hivyo. Akapiga kengele, msichana wake akaja kutuonyesha mlango, ambao tulikuwa tunauona.

Kule kortini, karani wa dirishani alituambia kuna njia ya mafukara. Alisema hivyo kwa sauti kubwa, foleni nzima ikageuka kututazama. Ukithibitishwa huna kitu, korti haikutozi ada, na hakimu anaweza kumwomba wakili mmoja akusimamie bure. Lakini lazima chifu akushuhudie, na lazima mtu wa korti afike nyumbani ajionee mwenyewe.

Tukaenda kwa chifu. Chifu wetu alikuwa mtu mwenye tumbo la serikali na akili ya nyumbani. Alimtazama mama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi chini.

"Ati maskini? Mama, si wewe uko na viatu."

"Kwani ningekuja ofisini kwako miguu mitupu," mama akasema, "kama mtu asiye na adabu?"

Chifu akaanza kutafuta kalamu. Mwishowe akasema sawa, atamleta mtu wa korti wiki ijayo, siku isiyo ya soko. Tulipokuwa tunatoka akaongeza: "Mjitayarishe."

Neno hilo ndilo lililotumaliza. Kumwambia mwanamke wa kwetu kwamba wageni wanatoka Nyeri, tena wa serikali, na ajitayarishe! Mama alirudi nyumbani akitembea mbio mbio, na kabla sijamshusha mtoto alikuwa amekwisha kuanza kusugua sufuria kwa majivu.

"Mama," nikamwambia, "hawa watu wanakuja kuona kwamba hatuna kitu."

"Najua wanakuja kuona nini."

"Basi tuache nyumba ilivyo. Tuwape uji."

Akaacha kusugua. "Uji? Mgeni atoke Nyeri kwa miguu yake, aingie kwangu, nimpe uji? Baba yako asikie hayo pale alipo?"

"Baba hasikii. Hakimu ndiye atasikia."

"Umaskini wangu nitawaambia kwa mdomo. Kuuona wakiwa na njaa, hapana."

Ningefanya nini? Habari ilishafika kwa majirani, na majirani nao walikuwa na heshima yao ya kulinda. Chama chao cha wanawake ndicho kilichotuezekea nyumba. Wakati huo akina mama wa Nyeri walikuwa wanalimiana mashamba kwa zamu, wanaweka kidogo kidogo, kisha wanamnunulia mwenzao mabati. Leo nyumba ya huyu, kesho ya yule. Sheria yao ilikuwa moja: mabati ni ya mwanamke aliyeezekewa. Si ya mume, si ya shemeji, wala si ya shamba yanapokaa. Hao hao ndio waliokuja siku ya wageni. Mmoja alileta viti, mwingine vikombe vyenye maua. Mwingine alileta redio ambayo haikuwa na betri, akaiweka juu ya meza ikae tu. Vitambaa vyeupe vya kufumwa vikatandazwa kila mahali, hata juu ya redio. Kuku wetu wa pekee aliyekuwa akitaga akachinjwa. Niliketi nje nikimnyonyoa manyoya huku nikiwalaani wote kimoyomoyo, kuanzia chifu hadi kuku.

Mtu wa korti alikuwa mfupi, mwenye tai nyekundu na adabu nyingi. Alivua kofia mlangoni. Alikula irio, akala chapati, akala paja, akaongezewa, akakubali. Chifu naye alikula kama mtu aliyetumwa na tumbo la ukoo mzima. Walipomaliza, yule bwana akatazama juu.

"Mabati haya ni yako, mama?"

"Ni yangu," mama akasema. Alisema kwa fahari, maana lilikuwa jambo la kweli na la kujivunia.

Sikuweza kunyamaza. "Waambie basi! Viti si vyetu! Hivyo vikombe ni vya watu! Hiyo redio hata haisemi!"

Mama hakunitazama. "Msimsikilize huyu," akawaambia wageni kwa upole. "Hajalala vizuri, mtoto anaota meno." Akawamiminia chai tena.

Jibu lilikuja kupitia kwa chifu. Mwombaji ana nyumba ya mabati, ana samani na redio, na huweza kuwakirimu wageni kwa kuku. Mwombaji si fukara. Haiya! Yule mfupi alikula ushahidi wetu mpaka mfupa, akajifuta mdomo, akaenda kuandika kwamba tumeshiba. Mama aliposomewa maneno hayo aliuliza jambo moja tu, kama aliandika pia kwamba kuku alikuwa mtamu. Nilitaka kulia, na nilitaka kumtikisa mabega.

Tukabaki na njia za bei nafuu. Mtu mmoja alituelekeza kanisani, kwamba kuna kamati ya kusaidia wajane wenye mashauri. Kweli ilikuwepo. Mwenyekiti wake alikuwa baba mdogo. Sijui kama Mungu hucheka, lakini mimi nilicheka, pale pale kwenye ngazi za kanisa, mpaka mtoto mgongoni akaamka.

Basi tukaenda kwa mwandishi wa barua. Huyu alikuwa mzee wa Kiislamu wa mtaa wa Majengo, aliyekaa na taipureta yake kwenye baraza ya duka karibu na korti. Malipo yake hata sisi tuliyaweza. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, tofauti na hiki chetu cha kusukumana, na alimwita mama "mama yangu" ingawa walilingana umri. Lakini alikuwa anapenda maneno mno. Aliandika "kwa heshima kuu na unyenyekevu", akaandika "mimi mjane dhaifu nisiye na mtetezi", akaandika "mbele ya kiti chako kitukufu", na habari za shamba zikaanza kuonekana ukurasa wa pili, zikiwa zimechoka. Angalau alisema ukweli wake.

"Barua nitakuandikia, mama yangu. Kuingia kule ndani siruhusiwi. Kule utasema mwenyewe."

Na mama akasema mwenyewe. Hakimu alikuwa kijana, anatazama saa. Wakili wa baba mdogo alisimama, akatoa hati, akasema maneno machache ya Kiingereza, akakaa. Ikawa zamu ya mama. Aliongea Kikikuyu, taratibu, akiwa amesimama wima. Alieleza kizuizini, alieleza wapimaji. Alieleza jinsi shemeji yake alivyosema mbele ya wazee kwamba anamshikia tu ndugu yake mpaka arudi. Alieleza mpaka uliopandwa, nani alichimba shimo na nani alishika mche. Alieleza kaburi. Akamaliza. Mkalimani akakohoa, akamgeukia hakimu.

"Anasema shamba ni yake."

Basi! Hayo tu! Nilisimama nikapiga kelele kwamba hayo siyo yote aliyosema, kwamba ameyameza, ayatapike. Askari akanishika mkono. Hakimu akasema nikifungua mdomo tena nitalala ndani na mtoto wangu. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa kama anaomba, na nadhani kweli alikuwa anaomba, kwa kuwa watu kama yeye huomba hata wakiiba.

Tulishindwa kabla ya chakula cha mchana. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa na kuzeeka kidogo, wakili mmoja aliniambia kwamba sheria ilikuwa na nafasi kwa maneno yale yale ya mama. Mtu aliyeandikishwa shamba akiwa anamshikia ndugu yake hana ruhusa ya kuligeuza lake. Ilihitajika tu mtu wa kuyasema kwa lugha ya pale. Nilimshukuru. Nikatoka nje nikasimama kando ya barabara kwa muda mrefu, maana hasira ilikuwa imenirudia mbichi kabisa.

Siku ya kuhamishwa walikuja asubuhi: askari, baba mdogo na suti yake, na yule yule mfupi wa korti, safari hii akiwa na amri mkononi. Lakini akina mama walikuwa wamewatangulia. Walikuwa juu ya nyumba tangu alfajiri, na kila mmoja alijua bati alilolipigilia. Waling'oa misumari, wakainyoosha kwa jiwe, wakaitia kwenye mkebe. Baba mdogo alipoona paa linashuka alisahau sauti yake ya kanisani.

"Nyumba ni ya shamba! Nimeuza na nyumba!"

"Umeuza udongo," mwanamke mmoja akamjibu kutoka juu. "Udongo huo hapo, chukua."

Askari waliangalia pembeni. Nafikiri walikuwa na mama zao pia. Mabati yakafungwa, yakabebwa migongoni kwa kamba za vichwani kuelekea Wamagana, ambako mmoja wao alikuwa amempa mama mahali pa kusimamisha kijumba. Viti vilikuwa vimerudi kwa wenyewe zamani. Ndani, kati ya kuta za udongo zilizokuwa zinatazama mbingu, kulibaki mafiga matatu, moto, na sufuria ya chai iliyokuwa inachemka. Mama alikuwa ameketi karibu yake juu ya debe. Alikuwa ametoka kuaga kaburi na magoti yake bado yalikuwa na tope.

Mfupi akaingia mlangoni, mlango usio na nyumba, akavua kofia vile vile kama siku ile. Akazungusha macho. Ninaapa alikuwa na huruma ya kweli usoni, na ndiyo maana sijawahi kumsamehe.

"Pole, mama," akasema. "Unajua, sasa ndiyo unaonekana maskini kabisa. Ungeleta ile maombi ukiwa namna hii, mimi ningeandika ndiyo."

Kisha macho yake yakateremka, yakatua kwenye sufuria.

Mama akainuka. Akaishika sufuria kwa pindo la leso, na mimi nikajua atatafuta kikombe, maana sijapata kumwona mama yangu akimwacha mtu aondoke kwake mdomo mkavu. Akaiinua, akaimwaga yote juu ya mafiga. Moto ukalia, mvuke ukapanda ukatoka mahali palipokuwa na paa.

"Chai imeisha," akamwambia kwa heshima, akanipa sufuria niibebe.