Nilivyoifikisha Bahari Voi

Mpaka leo naona haya kulisimulia jambo hili, na kama hamngekuwa marafiki zangu nisingefungua mdomo. Mimi ndiye niliyewapandisha watu wa Voi mlima wakiikimbia bahari, na bahari yenyewe iko Mombasa.

Ilikuwa miaka ya sabini, nikichora ramani katika ofisi ya wapimaji. Tuliagizwa tuchore Mkoa wa Pwani wote, tuonyeshe nchi iliyo chini kiasi cha kufikiwa na wimbi kubwa tetemeko likitokea baharini (wimbi hilo nyinyi siku hizi mnaliita tsunami). Unasoma mistari ya vimo vya ardhi, panapofikiwa unapaka buluu. Wiki tatu nimeinama mezani, macho yanauma, ufuo wote nimeumaliza, yamebaki mashamba ya mkonge ya Voi ambayo hupakwa kijani, na chupa ya kijani imekauka. Kupata nyingine ni mpaka barua iende Mombasa irudi. Nikasema, ah, si buluu ipo, nani atauliza habari ya mkonge? Nikapaka, nikaenda zangu kulala.

Kesho yake ramani ikatundikwa kwenye baraza ya chifu, karani akasoma tangazo nililoandika mwenyewe, kwamba watu wa Pwani walio kwenye buluu wajue mahali pa juu pa kukimbilia. Sasa sisi Wataita, mbali na maji tulivyo, serikali imetuandika Pwani. Mzee Mwakio, nyapara wa mkonge, akainuka akaweka kidole juu ya kambi yake. (Huyu ndiye baba yake Mghoi, msichana niliyekuwa nimetuma wazee wakaniposee, nangoja jibu.)

"Kijana, hapa kwetu pia ni buluu?"

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa amesimama kando yangu, ananitazama. Nikaogopa kukiri mbele yake. Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Kufika kambini habari imegeuka kuwa wimbi linakuja leo, na saa nane mchana kambi ilikuwa tupu. Watu walikuwa wanapanda mlima Sagalla na magodoro, kuku, sufuria, na Mzee Mwakio, na goti lake bovu, amembeba mama yake mgongoni. Niliwakimbilia, nikawafikia katikati ya mlima pumzi hakuna, nikasema mbele ya wote kwamba ile buluu ni mkonge tu, rangi ilikwisha. Mmoja akacheka, kisha wote wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwakio hakucheka. Alimshusha mama yake polepole juu ya godoro.

"Ulijua tangu kule kwa baraza?"

"Nilijua, mzee."

"Na ukaniambia ndiyo."

"Niliogopa mkubwa wangu."

Akalikanda goti lake kwa muda. "Siku nyumba ya binti yangu itashika moto, wewe utaangalia kwanza kama mkubwa wako yuko karibu. Waambie wazee wako wasirudi."

Mghoi aliolewa Mwatate. Mimi tangu siku hiyo nikikosea nasema hapo hapo, awepo mkubwa asiwepo, na ofisini walinisifu sana kwa tabia hiyo. Sikuwahi kuwaambia niliipata wapi.