Mguu Uliozoea Pedeli

Kila akisimama mbele ya mpira wa gofu, mguu wa kulia wa mama fundi cherehani hujisogeza wenyewe, ukitafuta pedeli. Mwalimu wa gofu ameshasema, asiyejua kusimama haingii uwanjani, abaki hapa pa mazoezi.

“Shemeji, unacheza au unashona suruali?” mume wa dada yake anamtania.

Fundi anatanua miguu usawa wa mabega, analegeza magoti, anainama kuanzia kiunoni. Vidole vyenye sugu ya mkasi vinaishika fimbo kwa wepesi, kama hariri isiyotakiwa kukunjamana. Mguu unafurukuta, anautuliza. Anapiga. Mpira unapaa, unanyooka, unaupita mbali ule aliokwisha kuupiga shemeji.

“Haya mama, kesho uwanjani,” mwalimu anasema.

“Kesho ya nini, mwalimu? Jua bado lipo.” Mfuko wa fimbo keshaubeba begani.