Kamongo Ndani ya Udongo

Jana binti yangu Pendo alimwaga maji kwenye udongo hapa uani kwetu Buswelu, na ile harufu ikanichoma moyo. Shuleni wameagizwa watengeneze makazi ya mnyama ndani ya boksi. Ninyi mngecheka kumwona mtoto amepakaa tope hadi masikioni. Mimi nilitamani kujificha.

Nilikuwa darasa la nne, tunaishi Kirumba, nilipopewa kazi kama hiyo. Nilimtaka simba: nyasi za manjano, mti wa karatasi, na simba wa kukata kwenye kalenda. Baba, mbeba samaki wa soko la Mwaloni aliyekulia Sengerema, akasema simba hajawahi kumwona, ila kamongo anamjua hadi chumbani kwake. Utotoni walimchimba kwa jembe wakati wa kiangazi, bwawa likishakauka, samaki wa watu amejikunja ndani ya udongo akingoja mvua. "Usiione nchi kavu ukadhani haina samaki," alipenda kusema, hata kwa mambo yasiyohusu samaki kabisa.

Jumapili nzima alikaa uani na boksi la sabuni, mikono yake yenye harufu ya sato ikikanda tope. Alinituma maji, akanituma majani makavu, kisha akanifukuza nisichungulie. Boksi likaanikwa juani siku tatu. Mwishowe nilichokiona ni udongo mkavu uliopasukapasuka, na kitundu kimoja cha kupumulia. Basi.

"Kamongo yumo ndani, amelala," alisema. "Mwambie mwalimu auvunje, atamwona."

Nilidhani ni hadithi zake. Asubuhi niliwawazia wenzangu wakinicheka, nikaumwaga udongo nyuma ya choo, nikampanga haraka simba wangu kwenye boksi lile lile. Nikapata vema kubwa.

Jioni Baba alirudi, hata mikono hakunawa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mwalimu alimwona?"

"Alimwona."

"Akasemaje?"

"Alifurahi sana."

Laiti mngeiona ile furaha! Kesho yake Mwaloni nzima ilijua kwamba kamongo wa Baba Kabula amefika shule. Kabula ndiye mimi.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha. Asubuhi nilipokwenda chooni, rundo la udongo lilikuwa limeyeyuka, na pale pale amelala kamongo wa mti, amejikunja, mkia umemfunika macho, magamba yamechongwa moja moja kwa kisu. Baba alikuwa amechuchumaa mbele yake. Hakunitazama. Alimwokota, akamsuuza, akamweka dirishani, akaenda kazini.

Hakuniuliza mpaka anafariki. Rafiki zake walipokuja nyumbani wakamwulizia kamongo wake, alijibu mbele yangu, "Mwalimu alifurahi sana." Nilijidanganya kwamba hakuelewa alichokiona nyuma ya choo. Nilishakuwa mama wa mtu nilipotambua kwamba alikuwa akinisitiri, tena kwa maneno yangu mwenyewe.

Jana Pendo alimshusha kamongo kutoka juu ya kabati ili amtumie.

"Mama, mwalimu wako alimpenda?"

Lile jibu la zamani likanijia lenyewe. Nikalimeza.

"Hakumwona, mwanangu. Nilimtupa."

Pendo alimgeuza kamongo mkononi, akayapapasa magamba kwa kidole chenye tope.

"Babu alijua?"

"Alijua."