Chumvi Isiyo na Mwenyewe

Watiri alikuwa mjane wa huku kwetu Chaka, na mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja mweusi aliyeitwa Njiru. Usimwonee huruma haraka. Ulimi wake ungeweza kupasua kuni.

Mashamba yalipopimwa kabla ya Uhuru, kisiwa kilichopo katikati ya mto wetu hakikuandikishwa kwa jina la mtu yeyote. Udongo wake una chumvi, na tangu zama za mababu kila mwenye mifugo aliivusha huko ikalambe. Wazee walisema chumvi haina mwenyewe, watu wasije wakanyimana. Wema gani huo! Miaka kumi baada ya Uhuru, kampuni moja ya kuhifadhi wanyama ilikuta ardhi isiyo na jina, ikaweka lake. Ikajenga nyumba za wageni matajiri, wapate kunywa chai wakitazama swala na nyati wakilamba chumvi yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sivyo? Sisi tulipona kwa kuzungushiwa waya.

Kiangazi hicho Njiru alikuwa na mimba. Alilamba ukuta wa nyumba, akalamba hata nguo zilizoanikwa. Watiri akampeleka mtoni. Kwenye lango la daraja la kisiwani alisimama Ngatia, mtoto wa dada yake, aliyemwita Tata, yaani mama mdogo, amevaa sare ya kijani ya kampuni.

"Tata, rudisha ng'ombe. Wageni hawakuja kuona ng'ombe."

"Ngatia, wewe umekuzwa na maziwa ya mama ya huyu ng'ombe. Fungua!"

"Siwezi, Tata. Ni order."

Njiru alinyoosha shingo kuelekea kisiwani, akalia. Mgeni mmoja barazani akampiga picha. Watiri akamgeuza Njiru, wakarudi nyumbani.

Ndama alizaliwa mfu. Kanisani walisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasema Mungu aliweka chumvi pale. Waya waliweka watu.

Wiki hiyohiyo Ngatia akaja na mkebe wa maziwa unaong'aa. Kisiwani kulikuwa na ndama wa nyati aliyefiwa na mama yake, na meneja alitaka maziwa ya kumlea.

Watiri akamfungulia zizi. "Ingia ukamue."

"Lakini Tata, ng'ombe haina mtoto. Itakataa kutoa maziwa."

"Mwambie ni order."

Ngatia akachuchumaa. Alivuta chuchu, akavuta tena, na mkebe ukabaki mkavu.